Usaha Uliochukuliwa Mara Mbili Siongiroi

Niliondoka Kericho kwa sababu ya chupa moja iliyofika maabara yetu kutoka hospitali ya Siongiroi ikiwa na usaha ndani ya fomalini. Fomalini huhifadhi nyama ya operesheni isioze, lakini huua bakteria, nasi tuliwahitaji wakiwa hai. Kazi yangu ni kuotesha bakteria wa maambukizi ya tumbo, kisha kuangalia ni dawa gani bado inawaweza na ipi wameizoea. Mwenye usaha huo, mama aliyefanyiwa upasuaji baada ya kidole tumbo kupasuka, alikuwa bado na homa. Dawa mbili hazikumsaidia.

Saa moja asubuhi niliwasha gari la ofisi. Kwenye kiti cha abiria nilifunga sanduku la sampuli kwa mkanda, maana hakuna mtu aliyekikalia. Njiani wachuma chai walikuwa wamezama kiunoni katika kijani, wakiitana na kucheka. Nilipunguza mwendo ili niwasikie kidogo zaidi.

Kupita Kaplong, chai ilianza kuwa chache, mahindi na malisho yakatawala. Redio ilipopoteza mawimbi, sikuwa na wa kuongea naye.

Siongiroi, saa nne. Sista Chepkoech, mkuu wa wodi, alinipokea mlangoni kwa salamu ya Kikipsigis.

"Chamgei, daktari. Hiyo makosa ni yangu."

"Chamgei, Sista. Mimi ni mtu wa maabara tu. Nyama ya operesheni huwa mnaitia kwenye nini?"

"Si hiyo fomalini? Kila wiki."

"Ndiyo maana ulikosea, mkono umezoea. Usaha ni kinyume. Chupa safi, kavu, isiyo na kitu. Na uuchukue kabla hujaanza dawa mpya."

Dawa ya tatu ilikuwa tayari kwenye trei. Nikamwomba aisubirishe kidogo.

Mama Chelangat, mwenye usaha ule, alikuwa kitanda cha dirishani, mumewe ameketi miguuni pake. Aliposikia tunataka usaha tena, aligeukia ukuta.

"Hapana. Hiyo sindano iliniuma. Ile ya kwanza mlipeleka wapi?"

"Iliharibika mikononi mwetu, mama," nilisema. "Bila nyingine, tunakisia dawa tu."

Mumewe akaitikia kwa kichwa. "Ni kama ng'ombe wetu aliyeugua kiwele. Tulidunga hii, ikakataa. Tukadunga ingine, ikakataa. Mpaka wakapima maziwa."

"Kwa hivyo mimi ni ng'ombe?"

"Ng'ombe alikuwa na adabu. Hakuuliza maswali."

Mama alicheka huku ameshika tumbo. "Wacha, Baba Chelangat, inauma!" Kisha akamwambia Sista, "Haya, chukua. Lakini hii msiharibu."

Saa kumi jioni nilikuwa Kericho tena na usaha mpya; nyuma yangu Sista alikuwa ameshaanza dawa ya tatu. Wenzangu walikuwa wakivua makoti kwenda nyumbani. Nilibaki na visahani vyangu vya kuoteshea.

Siku zilizofuata niliwaotesha bakteria, kisha nikapanga juu yao vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa. Dawa ikiweza, duara tupu hubaki kuzunguka karatasi. Isipoweza, bakteria huota hadi ukingoni. Nilikula chakula changu cha mchana karibu na simu, nikimwaza mama ambaye nilimfahamu kwa robo saa tu.

Asubuhi ya tatu niliona. Zile dawa mbili, hakuna duara. Ile iliyokuwa kwenye trei, hakuna. Ya nne ilikuwa na duara pana, safi.

Nilipiga simu mara moja. "Sista, simamisha ya tatu. Andika hii ya nne."

Aliiandika, akaisoma kwa sauti, akakata bila kuaga. Nami nikaandika matokeo katika rejista yetu ya ufuatiliaji, ili anayemtibu mgonjwa kama huyo kesho, awe hospitali ya Sigowet au ya Silibwet, asianzie gizani. Rejista haiandiki jina. Nililisema peke yangu, kwa sauti.

Wiki iliyofuata simu ililia.

"Mama Chelangat ameenda nyumbani leo, akitembea. Kongoi," Sista alishukuru. "Na kitanda chake kimepata mwingine. Tumbo pia."

Nilijifunza nini? Kwamba swali linalofuata ndilo la kuuliza kwanza, hata kabla ya kufurahi.

"Umeanza dawa?"

"Bado. Usaha uko hapa mbele yangu, chupa kavu. Tunakungoja."