Tumbaku ya Bibi na Sheria ya Diwani

Harufu ya tumbaku inayokauka haifanani kabisa na ya sigara. Ina utamu kidogo, kama nyasi zilizonyeshewa kisha zikapigwa na jua. Juzijuzi niliikuta kwenye gulio la Bungu, kwa mzee aliyepanga mafungu yake juu ya gunia, nikasimama hapo mpaka akaniuliza kama nina shida. Sikuwa na shida. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi kijijini Mlola, jikoni kwa bibi yangu, ambako majani ya tumbaku yalining'inia juu ya meko pamoja na mahindi ya mbegu.

Bibi alitulea mimi na mdogo wangu Danieli wakati wazazi wetu wakichuma chai kwenye mashamba ya mbali. Alikuwa Mlutheri asiyekosa ibada, na alivuta kiko. Mchungaji alimsema mpaka akachoka. Tumbaku aliipanda mwenyewe, nyuma ya jiko karibu na zizi la mbuzi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti yake ya zamani. Mitumba ilifurika sokoni, vyama vipya vilitundika bendera kwenye mikaratusi, na kahawa yetu ilianza kununuliwa na watu binafsi wenye magari yao. Watu wazima walikuwa wakisema kwa furaha kwamba sasa kila mtu na lake. Ndipo diwani wetu mpya akaitisha mkutano, akatangaza kwamba tumbaku ing'olewe kila nyumba na mtu asionekane akivuta sokoni wala njiani.

Alisema vizuri, sikatai. Alieleza jinsi moshi unavyokula mapafu, kisha akasema serikali ni mzazi, na mzazi hamwachi mtoto achezee wembe eti kwa sababu mtoto anaupenda. Mwenyekiti wa kijiji, aliyeketi kando yake, alikuwa amezima sigara yake kwa haraka na kuitia mfukoni. Katikati ya hotuba, koti likaanza kufuka moshi. Tulicheka mpaka machozi, naye akajipigapiga kama anayefukuza siafu.

Mimi nilimpigia diwani makofi ya kweli. Danieli alikuwa na pumu, na usiku kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Nilitaka ile tumbaku ing'olewe hata kesho.

Bibi alisimama akaomba kusema. "Mwanangu, mimi nina wajukuu," alisema. "Huyo mtoto unayemsemea ni nani?"

Diwani akatabasamu, akasema sheria haina bibi.

Siku ya kung'oa walikuja asubuhi, ukungu haujapanda: mtendaji wa kijiji, mgambo wenye majembe, na diwani mwenyewe. Bibi aliwatangulia. Alikuwa ameweka kigoda chake katikati ya tumbaku, amekaa, kanga imekazwa kiunoni, kiko mdomoni. Mgambo, vijana aliowajua tangu wakinyonya, walimpa shikamoo mmoja mmoja. Akaitikia zote kwa upole, wala hakuinuka. Wakabaki wametazama majembe yao.

Diwani akamwambia aheshimu afya ya wajukuu wake. Hapo Bibi akatoa kiko mdomoni, akakigeuza juu chini. Hakikudondosha kitu. Hata majivu hayakuwamo.

"Nimeacha tangu masika," alisema. "Huyu mtoto alikohoa usiku mmoja nikadhani namzika. Hakuna aliyenituma. Sasa ukiing'oa leo, watu watasema ni wewe uliyeniachisha."

Kumbe zile jioni alizokaa na kiko mlangoni, kilikuwa kitupu.

Diwani aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mkutanoni. "Mama, baba yangu naye alisema ni hiari yake. Nilimzika."

"Pole, mwanangu," Bibi akajibu. "Ungekuja na neno hilo, ningekupikia chai tukaongea. Umekuja na majembe."

Akarudisha kiko mdomoni. Mtendaji akakohoa, akasema pengine warudi siku nyingine. Hawakurudi. Tumbaku ya nyumba chache iling'olewa, nyingine ikafichwa na migomba, na ile amri ikafa taratibu bila kuzikwa na mtu. Tumbaku ya Bibi ilitoa maua ya rangi ya waridi, ikapukutika yenyewe. Hakuvuta tena mpaka alipofariki, na hakumruhusu mtu amsifu kwa hilo.

Kwa miaka mingi nilimwona mkaidi tu. Angewezaje kulinda kitu alichokwisha kukikataa? Nimekuja kumwelewa nikiwa muuguzi, baada ya kuwafumba macho wazee wengi waliokufa kama baba yake diwani. Diwani alisema kweli kuhusu mapafu. Lakini Bibi alikishinda kile kiko peke yake, gizani, kwa ajili ya kifua cha mtoto, na ushindi huo walitaka kumpokonya pamoja na miche.

Siku hizi nami nazunguka majumbani nikiwaomba watu waache. Wenzangu ofisini wanasema nawadekeza, wanataka niwapeleke wakaidi kwa mtendaji. Sitampeleka mtu. Nitabisha hodi, nitakaa, nitawaambia niliyoyaona wodini bila kuficha. Anayekataa namuaga kwa heshima, na wiki inayofuata ananiona tena mlangoni pake.