Mama Jael Aliyeketi na Waliotengwa

Alizaliwa mwaka 1934 huko Maseno, akaja Mombasa na mumewe mfanyakazi wa reli. Alipofiwa angali kijana, alisikia mwito, akasomea uuguzi, akamwahidi Mungu kwamba mikono yake haitamhukumu mgonjwa. Kuanzia Kizingo hadi Mji wa Kale, wa kanisani na wa msikitini, wote walimwita Mama Jael.

Jaribu lake kubwa lilikuja mwaka 1995. Nyevu, binti wa Kaloleni aliyeuza kanga Biashara Street na kuimba kwaya kanisani kwetu, tumbo lilianza kumkua, na mume hana. Kwa desturi yetu, mwenye mimba ya nje ya ndoa hutengwa na Meza ya Bwana, akaketi benchi la nyuma mpaka amtaje mwanamume. "Upepo hautii mimba, shoga!" wanakwaya wakamcheka. Nyevu akalia, "Sina wa kumtaja!" Mama Jael akaondoka mbele, akaenda kuketi naye. Mzee Nicanor, mkuu wa wazee wa kanisa, akamwonya, "Mama, utatengwa nawe."

"Nitengeni, baba. Benchi ni refu."

Kesho yake akampeleka hospitali aliyoitumikia miaka mingi. Moyo wa mtoto haukusikika. Picha ikaonyesha hapana mimba, ila uvimbe kwenye ovari, kifuko cha mayai ya uzazi, ya kushoto. Daktari akautoa pamoja na ovari hiyo, mkubwa kama boga, akaiacha ovari ya kulia salama, na kipande kikapelekwa maabara. Karani Morgan, mwandika namba za magonjwa kwenye faili za wagonjwa, tayari ameshika kalamu aandike ya saratani kabla ya jibu.

"Ngoja, mwanangu," Mama Jael akamzuia. "Namba hiyo itamfuata kila hospitali, atibiwe asichougua."

"Mama nawe! Uvimbe mkubwa vile?"

"Ukubwa si ubaya. Mbona hata wewe mkubwa!"

Morgan akacheka, kalamu akaiweka chini. Mama Jael akafunga, akaomba. Jibu likaja: si saratani! Namba ikaandikwa ya uvimbe wa ovari usio saratani, naye, na miguu yake mibovu ile, akakimbia wodini kwa vigelegele, leso ikimwanguka!

Jumapili ya kwanza baada ya Nyevu kutoka hospitali, kwa ruhusa yake, Mama Jael akasimama kanisani: "Hapana mimba, hapana saratani. Pana dada yetu." Mzee Nicanor machozi yakamtoka; akamshika Nyevu mkono, akampeleka Mezani mwenyewe. Kanisa zima likalipuka kwa wimbo!

Mama Jael alilala katika Bwana mwaka 1998. Nyevu, aliyekwisha kuolewa, alikuja kumzika na mwana mgongoni, mtoto wa ile ovari moja, nasi twamhesabu katika maajabu. Basi tumwige mtumishi huyu, wapendwa: tumbo la mwenzio likikua, usiulize ni la nani. Uliza linamwuma wapi.