Siti ya Pikapu ya Baba na Jembe la Baba Neema

Enzi zetu kule Iyula magari yalikuwa machache, tukayajua kwa milio kabla hayajatokea kilimani. Kitongojini kwetu lilikuwa moja tu, nalo ni pikapu ya kijani ya baba yangu. Ilibeba kahawa wakati wa mavuno, maharusi baada ya mavuno, na wagonjwa wakati wowote.

Mbele ilikuwa na siti moja ndefu ya ngozi halisi, yenye rangi ya kahawa iliyokaangwa. Asubuhi za baridi ya Mbozi ngozi ile ilikuwa kama jiwe la mtoni. Ulikaa umekaza meno, kisha pole pole ikapata joto lako. Ilinukia petroli, magunia na jasho la watu tuliowafahamu. Jumamosi tuliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kidogo sana, maana kesho yake mama alikagua kazi yetu kwa gauni lake la kanisani. Wanangu huniuliza kwa nini hatukulipeleka gari kwa waosha magari. Nawaambia waosha magari tulikuwa sisi, na ujira wetu ulikuwa kupiga honi mara moja.

Baba alikuwa akisema, "Siti si yangu. Ni ya anayeipanda."

Nilipokuwa darasa la tano nilipewa kazi ya kulinda ulezi dhidi ya ndege. Kaka zangu walikuwa na manati. Mimi nilipewa debe la kugonga. Nilipowaomba wanitengenezee manati walicheka: "Msichana na manati wapi na wapi?" Basi nikajitengenezea. Panda ya mpera niliipata, na mpira wa tyubu ya baiskeli niliupata. Kilichobaki ni kipande cha ngozi cha kushikia jiwe. Adhuhuri moja nilichukua wembe, nikafungua mlango wa pikapu, nikakata kwenye ukingo wa siti kipande kisichozidi kiganja changu.

Sikujua kwamba ngozi iliyochoka ukiikata ukingoni, uzito wa watu huendeleza mpasuko. Baada ya siku chache ulikuwa umefika katikati.

Aliyekuwa amepanda siku baba alipouona ni jirani yetu na rafiki mkubwa wa baba, Baba Neema, akienda shambani na jembe lake.

"Jembe lako limenipasulia siti," baba alimwambia.

"Jembe langu? Nilikuwa nimelipakata kama mtoto!"

"Sasa nani mwingine aliyepanda na chuma humu?"

Kaka zangu waliulizwa, wakakana. Mimi sikuulizwa. Nani angemshuku msichana?

Baba akanunua ngozi ya ng'ombe kwa wafugaji wa bondeni Momba, akaishona mwenyewe juu ya mpasuko ingali na unyevu. Ilipokauka ikajikunja, ikavuta uzi, na mvua zilipoanza ikanuka hata mbwa wakatusindikiza mpaka kanisani. Watu walicheka. Baba Neema hakucheka, kwa kuwa hakuwa akipita kwetu tena.

Kisha mkewe akaugua. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni nilipowaona wakipita: Mama Neema amefungwa kwa khanga kwenye baiskeli asianguke, kichwa kimelala mgongoni kwa mumewe. Baba alitoka mbio na ufunguo mkononi.

"Jirani, mlete huku!"

Baba Neema hakusimama. "Asante. Mgonjwa wangu asije naye akakupasulia siti."

Sentensi moja tu kutoka kinywani mwangu ingetosha kuisimamisha ile baiskeli. Sikuisema. Mama Neema alipona, akaishi miaka mingi baada ya hapo, lakini wazee wale wawili wakawa watu wa kusalimiana kwa mbali.

Mwaka huu baba, ambaye sasa hawezi kuendesha, aliniomba tuipeleke pikapu Tunduma ikavalishwe siti upya. Fundi wetu, kijana mcheshi aliyezoea wateja wa ng'ambo ya mpaka, alimwita baba "bashikulu", yaani babu, akampa benchi. Nilipenda utaratibu wake. Kwanza alifumua mishono moja baada ya nyingine bila kuchana, kwa sababu vipande vya zamani ndivyo vipimo vya kukatia vipya. Kisha akatoa sponji iliyosagika. Alipofika kwenye kiraka cha baba akakibandua, akainama.

"Bashikulu, hapa palikatwa. Ngozi ikichanika huacha nyuzinyuzi. Huu ukingo ni wa wembe."

Baba akainama naye. "Basi si jembe," alisema taratibu.

Ningeweza kunyamaza tena. Nilimwona akipapasa ule ukingo kwa kidole, nikajua akifika nyumbani atalihesabu kuwa kosa lake peke yake.

"Ni mimi, baba. Nilitaka ngozi ya manati."

Fundi akajifanya anatafuta uzi. Baba hakunikaripia. Alisema tu, "Kosa la mtoto ni la baba yake. Tutakwenda wote."

Tulikwenda siku iliyofuata, siti ikinukia upya. Baba Neema alitusikiliza hadi mwisho, mikono juu ya fimbo yake.

"Mimi nilikasirika, nikachoka kukasirika," alisema. "Lakini aliyepanda baiskeli ni Mama Neema. Kamwambie yeye."

Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Nilipiga magoti nikamwambia yote, kwa sauti, kama mtu anayesikilizwa.

Leo Iyula kila nyumba ina pikipiki au namba ya mwenye pikipiki. Kukiwa na mgonjwa inapigwa simu tu, na hakuna anayelazimika kusimama mlangoni kwa jirani kuomba. Ni jambo jema, Mama Neema angefika hospitali mapema. Ila enzi zetu tulipandishana, tukaombana, tukajuana mpaka tukaweza kuumizana kiasi kile. Siku ile niliporudi mbele ya nyumba kutoka kaburini niliwakuta wazee wawili wamekaa kizingitini, bega kwa bega. Sikuwaharakisha.