Mwalimu wa Fidla Aliyetazama Ukuta

Juzi mjukuu wangu alifungua kasha la fidla sebuleni kwetu Boko, akausugua upinde kwa kipande cha ulimbo mkavu. Harufu ile, kama ya mbao mbichi zilizoanikwa juani, ikanirudisha Temeke, kwenye chumba cha uani alichopanga Mwalimu Elia.

Alikuwa mtu wa bara, mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Fidla alijifunza misheni akiwa mtoto, kisha akaipiga kwenye bendi za dansi kabla ya kurudi kanisani. Kwa sababu ya bendi hizo, baadhi ya wazee wa kanisa walimwangalia kwa jicho la pembeni, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Alinikubalia nijifunze kwake kwa kuwa mama alimbembeleza.

Mwalimu hakutukabidhi fidla upesi. Kwanza tuliimba wimbo wa kitabu cha kanisani kwa do-re-mi, tukizunguka chumba mpaka miguu iuzoee. Ndipo alipokuwekea fidla begani, akakusawazisha kiwiko, halafu akageuza kiti chake na kutazama ukuta. Ulipokosea hakukukemea. Aliuimba mstari ule taratibu, nawe ukaanza upya.

Nilitamani sana kujua alichokiona ukutani. Siku moja nilienda kuukagua. Palikuwa na mjusi tu na alama ya msumari. Kaka yangu alikuwa na jibu lake.

"Anageuka ili usimwone anavyocheka," aliniambia. "Sauti yako hiyo, hata mjusi atahama."

Nililia, na baba akasikia kisa chote. Alisema Jumamosi angekuja mwenyewe kwa mwalimu. Kama mwalimu hamtazami mtoto anayemfundisha, basi fidla ingerudishwa na mie ningepelekwa kujifunza cherehani kwa shangazi. Usiku huo niliomba kwa maneno yangu yote, maana nilikuwa nimeshaipenda ile sauti, pamoja na mikwaruzo yake.

Jumamosi baba alikataa hata chai. Aliomba kuzungumza na mwalimu nje. Kupitia nyavu za dirisha niliwaona wamesimama karibu na kamba ya nguo. Mwalimu alizungumza kwa muda mfupi, akakunjua mkono wake wa kushoto mbele ya baba. Baba aliuangalia, akavua kofia.

Waliporudi, mwalimu alikaa akageukia ukuta. Baba akabaki amesimama. Kisha akavuta kigoda, akakiweka kando ya kile kiti, naye akageukia ukuta.

"Haya, mama," aliniambia, sauti yake ikiwa chini kuliko kawaida. "Piga. Tunakusikiliza."

Nilipiga wimbo mzima mbele ya migongo miwili. Nilikosea mara kadhaa. Nilipokosea, sauti mbili ziliniimbia mstari. Cherehani haikutajwa tena.

Nilikuwa mtu mzima nilipomuuliza baba walizungumza nini. Alinieleza kwamba vidole vya mwalimu vilikuwa na makovu. Huko misheni, aliyemfundisha alikaa mbele yake, macho kwenye vidole, fimbo mkononi.

Nimemshukuru Mungu kwa mambo mengi, na migongo ile miwili imo. Mjukuu wangu alipoinua upinde aliniangalia kwa wasiwasi. Magoti yangu hayataki haraka siku hizi, lakini niliinuka, nikakigeuza kiti.