Mdomo wa Kurithi

Aliletwa kwa ndege akiwa na miezi saba, mikononi mwa mama yake mpya, na kikaratasi cha namba kimefungwa kwenye kifundo cha mkono kama mzigo wa msafiri. Kaka yake, wakati huo ana miaka sita na ndiyo kwanza amejua kusoma, aliisoma ile namba yote kwa sauti, akamgeuza mtoto huku na huku, kisha akauliza kama kuna kingine ndani. Tangu siku hiyo nyumbani akaitwa Kifurushi.

Naye alipoota meno ya kujibia, akamwita kaka yake Fotokopi. Yule alikuwa baba mtupu: paji la uso, masikio, mpaka namna ya kushika kiuno akifikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza Fotokopi ni mtoto wa nani. Kifurushi aliulizwa kila siku iliyokwenda kwa Mungu, maana rangi yake, nywele zake na macho yake yalikuwa ya nchi nyingine kabisa, nchi ambayo yeye mwenyewe aliijua kwenye ramani tu.

Watu wa mtaani walishamzoea. Shida ilikuwa wapya. Muuza nyama aliyehamia juzi alimwinamia, akapaza sauti kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto: "Wewe! Kutaka! Nini?"

"Kaka, nataka nusu kilo," Kifurushi akamjibu, "na usinijazie mifupa kama ulivyomfanyia mama jana, maana leo atakuja mwenyewe na hutampenda."

Mwanamke mmoja benki alimsifu kwa kuongea vizuri. "Umejifunza kwa muda gani?"

"Miaka thelathini na moja. Wewe je, dada?"

Vituko hivyo alivibeba mpaka nyumbani na kuvimwaga mezani wakati wa kula, na baba yake alicheka mpaka akasukuma sahani mbali isije ikaanguka. Yeye na Fotokopi walikuwa hata na mchezo wao tangu utotoni. Mtu akikosea, akamdhani Kifurushi ni mgeni, mtalii au mtoto wa jirani, wote wawili wananyamaza. Wa kwanza kueleza ndiye anayeosha vyombo jioni. Waliwahi kumwacha mpiga picha wa shule amwondoe Kifurushi kwenye picha ya familia mara tatu, mpaka mama yao akavua kiatu.

Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa makochi. Babu alikuwa fundi wa makochi na viti, baba akafuata. Fotokopi alikimbia vumbi la pamba akawa mwalimu wa jiografia. Kifurushi ndiye aliyebaki karakanani, kwa sababu alipenda harufu ya ngozi na mlio wa springi inapokubali kukaa mahali pake. Na alijifunza kufanya kama walivyofanya wao: kujaza mdomoni vimisumari vifupi vya kichwa bapa, kuvipanga kwenye shavu la kulia, kisha kuvisukuma kwa ulimi kimoja kimoja mpaka midomoni, ambako nyundo ya sumaku inakuja kukidaka. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unapiga, mdomo ndio mkono wa tatu. Ukitaka kusema neno, unasema kwa pembe ya kushoto. Ukifanya hivyo miaka, mdomo unazoea. Babu alicheka upande, baba anacheka upande, na Kifurushi, aliyeanza na misumari mitano siku ya kutimiza miaka tisa, alikuwa anacheka upande kabla ya kutimiza kumi na mbili.

Nesi wa shule alipouona mdomo ule alishtuka, akaandika barua ya kumpeleka hospitali. Daktari, kijana aliyeanza kazi wiki ile, alimwambia atabasamu. Akaandika. Akaomba kuona wazazi. Baba na babu wakaingia, wakamsalimia kwa pembe ya kushoto, wakatabasamu kwa adabu. Daktari alitazama midomo mitatu, mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa aliitiwa midomo, hakutazama kingine. Akaandika kwenye cheti, akapiga muhuri: "Hali ya kurithi kutoka upande wa baba. Haina madhara."

Babu alicheka njia nzima. Kesho yake akakitia cheti kwenye fremu, akakitundika ukutani juu ya meza ya kukatia, na hapo kimekaa mpaka leo.

Sasa babu hayupo, na vidole vya baba vimevimba viungo, havikunjiki tena. Duka la jirani, linalouza makochi yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani, linakitaka chumba cha karakana. Baba alisema bila kuzunguka: "Ukumbi wa maonyesho unatengeneza upya viti vyake vyote. Tukiipata kazi hiyo, mwanangu, funguo ni zako. Tukiikosa, nafunga."

Kisha ikaja barua ya kamati ya ukumbi. Viti vile vilitengenezwa na babu miaka hamsini na mitano iliyopita, ilisema, na kamati ingependa vishikwe tena na mikono ya ukoo ule ule. Watakuja Jumanne saa nne kumwona mrithi wa fundi akifanya kazi.

Ukoo ule ule. Kifurushi aliyatazama maneno hayo na kwa mara ya kwanza hakupata kichekesho. Siku mbili hakumwaga kituko chochote mezani, na baba yake akawa anaitazama sahani ya mwanawe.

Jumanne hiyo katibu wa kamati alifika saa tatu na nusu, mwanamume nadhifu mwenye faili kwapani, amebebesha dereva kiti kimoja cha ukumbini kilichochanika. Baba alikuwa amekwenda kununua kitambaa. Fotokopi alikuwa amepita tu kuleta chai.

"Ah!" Katibu akamwendea Fotokopi mikono miwili. "Wewe huna haja ya kujitambulisha. Baba yako mtupu!" Kisha akamgeukia Kifurushi, akamvutia kiti. "Mgeni wetu, karibu ukae. Utahudumiwa sasa hivi."

Ndugu wakatazamana. Mazoea yana nguvu. Kifurushi akakaa. Fotokopi akameza mate.

"Mwenyekiti yuko nyuma anapanda ngazi, miguu yake haina haraka," katibu akasema. "Wewe tuanzie, fundi. Kivue kiti hicho nguo, kivishe upya."

Fotokopi alikitazama kiti kama mtu aliyeambiwa azae. Alimtupia dada yake jicho la kuomba radhi, jicho la vyombo vya mwezi mzima. Kifurushi akainua kikombe cha chai, akanywa taratibu. Moyoni alikuwa anacheka, na kicheko hicho, kilichokuwa kimepotea siku mbili, kilimrudia kama joto. Fotokopi akashika nyundo karibu kabisa na kichwa chake. Akaweka msumari. Akapiga kidole gumba.

"Mama wee!"

Katibu akakohoa. Akasubiri. Msumari wa pili ukaruka ukaingia kwenye chai. Katibu akafunga faili polepole, kama anayefunika maiti uso. "Basi," akasema kwa huruma. "Kumbe kazi ya mzee ilikwenda na mzee."

Hapo kicheko kikamkauka Kifurushi. Aliyaona yote kwa mkupuo: funguo, chumba, mlango wa jirani ukitoboa ukuta. Angeweza kueleza. Maneno alikuwa nayo tele, miaka yote alikuwa anaeleza. Lakini aliinuka, akachota vimisumari kiganjani, akavitupa mdomoni, akavisukuma kwenye shavu la kulia.

Alikipindua kiti. Akang'oa nguo kuukuu kwa mivuto minne. Akakaza mikanda, akagonga springi na kuzisikiliza, akafunga ile iliyolia vibaya, akatandika pamba, akavuta kitambaa. Ta. Ta. Ta-ta-ta. Nyundo ilikuja mdomoni ikaondoka, ikaja ikaondoka, haraka kuliko jicho.

"Lakini huyu mteja..." katibu akaanza.

Mlangoni akatokea mwenyekiti wa kamati, bibi wa miaka sabini na kitu, anahema, mkono kwenye fimbo. Kifurushi akageuza uso, misumari imejaa shavuni.

"Shikamoo, bibi," akasema kwa pembe ya kushoto. "Nisamehe sisimami. Nikiachia kona hii itanilegea."

Bibi alisimama akamtazama mdomo.

"Nilikuwa nauza tiketi pale," hatimaye akasema. "Binti mdogo. Miezi miwili nzima mzee yule alinisalimia kwa mdomo huo huo. Nilidhani ananitania, nikamnunia. Marahaba, mjukuu wake!"

"Mama mwenyekiti," katibu akanong'ona, "huyu ni mgeni, fundi ni huyu hapa..."

"Ni dada yangu!" Fotokopi akapiga kelele, kidole gumba kimo kinywani. "Fundi ni dada yangu! Mimi nafundisha mito na milima!"

Kifurushi alimalizia kona, akakisimamisha kiti, kisha akatema misumari iliyobaki kwenye kiganja. "Vyombo," akamwambia.

Bibi alisogea ukutani, akakisoma kile cheti cha daktari, akarudia kukisoma. Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Katibu, uliandika unataka ukoo. Kuna muhuri wa hospitali hapo. Unataka nini tena?"

Katibu alikaa kwenye kile kiti kipya, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Akanesa kidogo. Akanesa tena, na uso wake ukalainika. "Ni kama vile vya zamani," akasema.

Baba aliwakuta hivyo aliporudi na marobota yake ya kitambaa: mmoja ananesa, mmoja anacheka, mmoja analamba kidole. Hakuuliza. Alitazama kona za kile kiti, akapitisha vidole vyake vilivyovimba juu ya mshono, kisha akatia mkono mfukoni akatoa funguo na kuzitundika kwenye msumari chini ya cheti.

Viti mia tatu na ishirini. Ilimchukua miezi mitano, na vijana wawili aliowafundisha mwenyewe sasa wanacheka upande. Siku ya kufunguliwa ukumbi alikaa safu ya tatu katikati ya baba yake na kaka yake. Mwonyesha-viti, msichana mpole sana, akamwinamia, akasema polepole, akitamka kila neno kivyake:

"Karibu, mgeni. Umewahi kukaa kwenye viti vizuri namna hii?"

Kushoto kwake Fotokopi alikaza midomo. Kulia kwake baba yake alikuwa ameshaanza kutikisika.

"Sijawahi, mdogo wangu," Kifurushi akajibu, akajisogeza vizuri kitini. "Hebu niambie, amevitengeneza nani?"