Peugeot ya Baba Rosalie

Casimir, baba yake Rosalie, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba cha Shituru, na tangu Mzungu mmoja aliyeihama nchi amwachie Peugeot 403, nyumba yake ilikuwa na wake wawili. Philomène, yule wa ndoa, alijua kuwa yeye ndiye mke mdogo.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Casimir alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakipangusa, akakitumbukiza, akakichomoa tena. Alifundishwa na Swedi, fundi wa mtaani aliyetoka Kasongo.

"Hii motere inakamata litre ine," Swedi alisema siku moja, Philomène akiwa amechuchumaa na beseni la kukingia mafuta machafu. "Ikipita mustari ya juu, itatapika. Ikishuka mustari ya chini, chuma itakula chuma."

Siku hiyo Philomène aliiona bushoni, ile skrubu nene iliyoziba tundu la kumwagia mafuta chini ya motere, yaani injini. Hakuna aliyemkataza kuangalia.

Motere ilikuwa imezeeka. Ilikunywa mafuta na kutoa moshi wa buluu, na mwaka ule mafuta yaliadimika Likasi kuliko dawa. Casimir akaacha kuiendesha. Aliifuta tu, akaipima, akaifunika.

Ndipo Émérence, mama yake Philomène, alipoletwa kutoka vijiji vya Tshangalele, kifua kimemjaa. Asubuhi moja midomo yake ikawa myeusi.

"Baba Rosalie, washa motokari," Philomène akasema. "Mama hapate tena pumuzi."

Casimir hakwenda kwa mgonjwa. Alikwenda kwenye boneti, akachomoa kijiti, akakiinua juani. "Iko chini ya mustari. Nikiwasha, motere itakufa."

"Na mama?"

"Mama iko muzee. Motere ingine nitapata wapi?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo Philomène hakulisahau. Alimlaza mama yake kwenye mkokoteni wa kubebea makaa, yeye na jirani wakausukuma kuelekea hospitali. Walipofika relini, treni ya madini ilikuwa inapita, behewa nyuma ya behewa. Émérence alikuwa ameshika kidole cha binti yake. Treni ilipokwisha kupita, kidole kilikuwa hakishikwi tena.

Matanga yakaisha. Jumamosi moja Casimir alimwita Swedi abadilishe mafuta. Philomène akashangaa: mafuta gani? Mume wake akaingia chumbani, akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda kopo zima la lita nne, bado limezibwa, limejaa vumbi.

"Hii kopo ilikuwa hapa siku ile?"

"Ilikuwa." Casimir alikuwa analipangusa kwa kiganja. "Minye nilikuwa naichungia ndoa ya mutoto wa citoyen Mwepu. Njo minye nitabeba bibi-arusi. Litre ine ni ine. Ukitoa moja, haitafika tena."

Mwepu, citoyen au "raia" kama watu walivyoitana enzi hizo, alikuwa mkubwa wa chama tawala mtaani. Mtu hakumnyima kitu.

Swedi akamwaga mafuta machafu kwenye beseni la Philomène, akakaza bushoni mbele ya macho yake, akamimina yale mapya, akapima. Alipomaliza kunawa alimpa Philomène pole ya mama kwa mara nyingine.

Kesho yake asubuhi, siku ya ndoa ya mtoto wa Mwepu, Casimir alipima, akaridhika, akaingia ndani kuvaa. Philomène akachukua spana, akalala chali chini ya gari, akailegeza bushoni hadi ikabaki inaning'inia kwenye nyuzi zake za mwisho. Hakufikiri zaidi ya hapo. Alitaka tu kife kitu ambacho Casimir angekililia.

Bushoni ilidondoka kwenye barabara ya Kakontwe. Taa ya kuonya mafuta yakiisha ilikuwa imekufa miaka mingi. Motere ikapiga kelele mlimani, ikashikana, ikafa. Bibi-arusi akatembea kwa miguu, shela likiburuzwa katika vumbi la chokaa, na watu waliojaa kwenye lori wakamcheka.

"Nani?" Mwepu aliuliza, neno hilo moja.

Casimir akainama, akaona tundu tupu. "Swedi," akasema. "Hakukaza."

Kabla jua halijazama vijana wa chama walimtoa Swedi nje, mbele ya mke wake Mayimuna. Waliulaza mkono wake wa kuume juu ya jiwe, wakatumia nyundo yake mwenyewe. Philomène alisikia, akakimbia hadi kwenye ua wao. Maneno alikuwa nayo mdomoni: ni mimi. Akamwona Mwepu ameketi kwenye kiti cha fundi, anamenya karanga. Philomène akageuka, akarudi nyumbani kupika.

Casimir aliililia Peugeot kama mfiwa, akilala ndani yake, kichwa juu ya usukani. Philomène alikuwa amekingoja kilio kile. Kilipokuja, hakikumpa kitu.

Mkono wa Swedi ulipona umekunjamana kama mzizi. Haukushika tena chombo. Mvua zilipokaribia, yeye na Mayimuna waliamua kurudi kwao kwa treni. Majirani waliogopa kuwasindikiza. Philomène alikwenda stesheni peke yake, na mihogo na mayai ya kuchemsha ya njiani.

Mayimuna akamkumbatia. "Batu yote baliogopa. Weye tu njo ulikuja. Mungu akuone."

Swedi alikuwa ameshaketi kwenye dirisha la behewa. "Mama Rosalie, minye nilikaza ile bushoni. Weye ulikuwa pale. Si uliona?"

"Niliona," Philomène akasema. "Ulikaza."

Swedi akafumba macho, akashusha pumzi. Alikuwa ametamani mtu mmoja tu amwamini. Akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki, akamshukuru, na Philomène akaupokea.