Herufi Nene za Nekesa

Nimeandika vibao hapa Busia tangu ujanani, kwa hiyo sina pa kujitetea. Herufi zangu zinazopendwa zaidi ni zile nene, zenye vijiguu juu na chini. Nilizibuni mwenyewe, na watu kutoka Lumino hadi Masaba huniagiza niziandike kwenye misalaba ya makaburi na kwenye vibao vya kuelekeza njia ya matanga.

Mwezi uliopita binti yangu Nekesa alifungua saluni nyuma ya soko. Nikataka kumpa kazi yangu nzuri kuliko zote. Niliandika jina lake kwa rangi nyeusi kwenye ubao mweupe, herufi zikanenepa hadi neno saluni likakosa nafasi. Nikachora mshale chini yake, nikausimamisha ubao huo kando ya barabara, kisha nikaketi mlangoni kungoja wateja, kichwa kimevimba.

Wa kwanza kufika walikuwa akina mama watatu wenye kuni kichwani. Wakazitua, wakakaa chini, wakaanza kulia.

“Pole, mzee,” mmoja akaniambia. “Mtoto alikuwa anaumwa nini?”

Nekesa akatoka, kitana mkononi. “Mama, marehemu ni mimi. Karibuni ndani.”

Wakacheka huku wakifuta machozi. Yeye akaenda barabarani kuutazama ubao, nami nyuma yake kama mshtakiwa. Akapapasa kijiguu cha herufi ya kwanza, taratibu.

“Baba,” akasema, “umeniandika kama ulivyomwandika mama msalabani.​”